Mkono wa Aliye Mbele

Mwenyekiti aliinyanyua helmeti juu kama mtu anayenadi kuku, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, watu wasikie ilivyo ngumu.

"Hii," alisema, "ndiyo roho yako. Ukiisahau nyumbani, rudi nyumbani ukakae nayo."

Wanaoanza wakacheka. Walikuwa wameketi kwenye mabenchi ndani ya ukumbi wa klabu ya baiskeli, ukumbi uliokuwa zamani ghala la mbolea na ambao mpaka leo, jua likipiga bati, hukumbuka mbolea. Juu ya meza Mwenyekiti alikuwa ametandaza vitu vyake: glavu zisizo na vidole, miwani, taa nyekundu ya nyuma, pampu ndogo, tyubu ya akiba, chupa ya maji, na bukta yenye sponji makalioni. Bukta ile aliivaa kichwani kidogo, na watu wakafa kwa kicheko.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikaa benchi la nyuma, mikono mikubwa imelala magotini, vidole vimejaa makovu ya ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana: kujaza pamba, kupiga, kushona. Shule aliiacha akiwa bado anahesabu kwa vidole, na hakuona kama shule nayo ilimkumbuka.

"Sasa niwape mfano," Mwenyekiti alisema, akashusha sauti, kama wanavyoshusha wakubwa wanapotaka waonekane wana huruma. "Tulikuwa na mama mmoja hapa. Dobi. Mcheshi, mtu wa watu. Akaipenda baiskeli ukubwani. Lakini vifaa, ndugu zangu, vifaa! Helmeti kaivaa kama kilemba, kamba inaning'inia. Akaanguka. Basi, leo hatunaye. Msiwe kama yule mama."

Wanaoanza wakatikisa vichwa. Loo, masikini.

Mshona magodoro akahisi damu inampanda mpaka masikioni. Yule mama alikuwa mke wake. Na ile kamba aliifunga yeye mwenyewe, mlangoni, asubuhi ya siku ile, akaibana chini ya kidevu mpaka mkewe akalalamika, "Wee baba, unanifunga au unaninyonga?" Hospitali walipomkabidhi vitu vyake, helmeti ilikuwa imepasuka katikati, na kifungo cha kamba bado kimebana kama alivyokibana. Wauguzi walikuwa wamekata kamba kwa mkasi ili waitoe.

Lakini Mwenyekiti angejuaje? Mazikoni hakuja. Alituma shada la maua na mtu wa kulishika. Hata sura ya mfiwa hakuijua, ndiyo maana sasa alikuwa anamtangaza marehemu mbele ya mume wake bila kope kumcheza.

Mshona magodoro akanyoosha mkono.

"Enhe, mzee wangu. Uliza, usiogope, hapa wote tunajifunza."

"Na mkono?"

"Mkono gani?"

"Mkono wa aliye mbele. Naona umetaja vyote, huo hujautaja. Tukiwa tumefuatana, mimi nyuma ya gurudumu la mwenzangu, shimo nitalionaje?"

Mwenyekiti akatabasamu, akawageukia wengine kana kwamba wamemwona mtoto wao anavyojikwaa. "Mzee, mkono hauuzwi dukani! Kila mtu ana macho yake. Wewe nunua vifaa kwanza, hayo ya mikono utayaona mbele ya safari."

Kicheko kingine. Mshona magodoro akashusha mkono wake polepole, akauweka gotini, akautazama.

Kila mtu ana macho yake. Maneno yale yale. Ndiyo Mwenyekiti aliyoyasema kwenye kikao cha kamati baada ya msiba, yeye mfiwa akiwa amesimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia akae, wala aliyegeuka kumtazama ni nani.

*

Baiskeli ilikuwa imeingia nyumbani kwao kupitia pasi. Mkewe alipiga pasi nguo za watu mbele ya televisheni, na msimu wa yale mashindano makubwa ya barabarani ulipofika, yale ya wiki nyingi, ya milima na jezi ya njano ya anayeongoza, alisahau hata kugeuza shuka. Shati la mwalimu mmoja aliliunguza kola siku ya kupanda mlima.

Watu wengine hushabikia mshindi. Yeye hapana. Alimshabikia mmoja asiyeshinda kitu, mtu wa mashavu yaliyobonyea aliyekazana kurudi nyuma kuchukua chupa za maji kwenye gari la timu, akazijaza ndani ya jezi mpaka akavimba kama mjamzito, akazipeleka mbele kwa wenzake, kisha akawakingia upepo mpaka nguvu zikamwisha. Alimwita Mbeba Chupa. "Yule mwenye jezi ya njano kabebwa," alikuwa akimwambia mumewe. "Mtazame anayembeba."

Na ndiye aliyemwonyesha mikono. "Ona, baba watoto. Ona yule wa mbele." Mumewe angeinua macho kutoka kwenye godoro analolizungushia uzi, akaona kundi la watu mia na zaidi wamebanana kama punje za mahindi, na yule wa mbele anashusha mkono kando ya paja, kidole kinaonyesha chini. Wa pili naye anashusha. Wa tatu. Mkono unapita kundi zima kama habari inavyopita mtaani, na shimo linabaki katikati ya barabara halijapata mtu.

"Wa nyuma haoni kitu isipokuwa mgongo wa mwenzake," mkewe alisema. "Amekabidhi meno yake kwa mtu mwingine. Si mchezo huo."

Halafu daktari akamwambia magoti yake yanataka mazoezi yasiyo ya kutembea, na mama watoto akajiunga na klabu. Mumewe alimshonea kiti cha baiskeli kwa kitambaa cha godoro, kile cha mistari ya buluu na nyeupe, akakijaza pamba safi. Klabu nzima ilimtania kuwa amekuja na kitanda. Alifurahi sana kutaniwa.

Siku ya ajali alikuwepo mpiga picha, amepanda pikipiki mbele ya kundi la wanaoanza. Kawaida wanaoanza huongozwa na Kapteni wa klabu, mtu anayeijua kazi. Lakini pikipiki yenye kamera ilipotokea, Mwenyekiti akamsogeza Kapteni nyuma, akakaa yeye mbele, kifua nje, mkono mmoja unapungia. Hilo lilisimuliwa na Msusi, shoga wa marehemu, mwenye saluni ya mtaa wa pili, ambaye alikuwa ameacha pengo dogo nyuma ya mwenzake. Alisema walipofika kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, Mwenyekiti alilikwepa shimo kwa kuyumbisha kiuno tu, kama mcheza dansi. Mkono wake ulikuwa juu, kwenye kamera. Gurudumu lililokuwa nyuma yake likaingia lote.

Msusi alitaka kuyasema hayo kikaoni. Aliambiwa suala la vifaa limeshajadiliwa na limefungwa. Ndivyo wanavyofanya. Wakubwa wakishalifunga jambo, hata likiwa bado linapumua, limefungwa.

*

"Baba, utavunjika," binti yake alimwambia, amesimama uani anamtazama akianguka kwa mara nyingine kutoka kwenye baiskeli ya marehemu. Gurudumu la mbele lilikuwa jipya. Kiti kilikuwa kile kile.

"Nikivunjika nitajishona."

"Umri huu? Watu wanaanza kukusema."

"Waseme. Wana midomo."

"Lakini unatafuta nini huko, baba? Kwa watu wale wale?"

Mshona magodoro alinyanyua baiskeli, akapangusa goti kwa mate, akapanda tena. Binti akaingia ndani kwa hasira na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alichokuwa akikitafuta kilikuwa kidogo na kilikuwa wazi kichwani mwake kama msumari kwenye ubao mweupe. Alitaka siku moja Mwenyekiti awe nyuma ya gurudumu lake, kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, na yeye awe mbele, na mkono usishuke. Akivunjika shingo, avunjike. Usiku hakuota kitu kingine na mchana hakukificha moyoni mwake kwa maneno mazuri. Hakukiita haki. Alikiita kwa jina lake.

Akavinunua vifaa, vyote vilivyokuwa kwenye ile meza, maana hakutaka kumpa Mwenyekiti kisingizio. Glavu alivaa za mkewe, akazipasua pembeni na kuzishonea kipande zipate kumwenea. Kisha akajifunza. Msimu wa mashindano ulirudi, akakaa mbele ya televisheni peke yake, pasi imekaa kabatini, akamtafuta Mbeba Chupa katikati ya kundi. Hakumtazama tena kama shabiki. Alimtazama kama mwizi anavyotazama nyumba. Aliona jinsi anavyokanyaga sawasawa, hashtuki, haongezi ghafla, ili aliye nyuma yake asihangaike. Aliona mgongo ule ulivyotulia. Aliona kuwa mwenye jezi ya njano, baada ya muda, haangalii tena barabara. Anaangalia kiti cha mwenzake, na anapumzika.

Na Mwenyekiti alikuwa mtu wa kujificha upepo. Klabu nzima ilijua. Alimaliza matembezi ya Jumapili nyuma ya migongo ya watu, kisha akichungulia mwisho umekaribia, akachomoka, akafika wa kwanza, akanyanyua mikono miwili. Baadaye alikaa kwenye kiti cha plastiki kueleza mbinu za mabingwa kana kwamba alilala nao chumba kimoja.

Mshona magodoro alikuwa na mgongo mpana kama mlango wa ghala. Nguvu za miguu zilikuja taratibu, lakini zikaja. Jumapili moja, upepo ukiwa umewakaba usoni, alisogea mbele ya Mwenyekiti bila neno, akatulia pale. Mwendo sawasawa. Mbele pakatokea shimo, akashusha mkono. Kokoto, akapunga vidole chini. Gari limeegeshwa, akaupeleka mkono nyuma ya kiuno. Hakuna alichoacha.

"Jamani!" Mwenyekiti alipiga kelele kwa furaha walipofika. "Nimepata kabati langu! Mmeona mgongo ule? Nimekaa nyuma ya kabati, hata nywele hazijapepea!"

Toka siku hiyo aliitwa Kabati, na akaitika.

"Kabati, leo umekula?"

"Nimekula, Mwenyekiti."

"Basi twende, nikingie. Wazee kama nyie ndio mnaotakiwa. Hamna makuu."

Wiki zikapita, miezi ikafuata. Kila Jumapili alimbeba. Kila shimo alimwonyesha. Mwanzoni alikuwa akisikia breki za Mwenyekiti zikigusagusa nyuma yake, mtu bado ana wasiwasi. Kisha breki zikanyamaza. Kisha akaanza kumsikia anapiga mluzi. Ndipo alipojua kuwa amemfundisha alichotaka kumfundisha. Amemfundisha asitazame.

Msusi ndiye aliyeng'amua. Alimvizia nje ya ukumbi anapoingiza upepo.

"Shemeji, hebu niambie. Wewe na yule bwana mmekuwa chanda na pete tangu lini?"

"Ananipenda. Ananiita kabati."

"Usinifanye mtoto. Kila tukipita kiwanda cha matofali nakuona unavyolitazama lile shimo. Unalitazama kama mtu anayesalimiana nalo."

Mshona magodoro aliendelea kupampu. Shimo lilikuwa bado lipo. Wakubwa wa barabara waliwahi kulimwagia mchanga siku ya ziara ya mgeni fulani, mvua moja ikautoa, wakarudi maofisini kwao.

"Umeshasema yote," alimwambia mwishowe, "au kuna la zaidi?"

"Lipo. Jumapili ijayo ni matembezi makubwa, mizunguko miwili. Mimi nitakuwa nyuma ya Mwenyekiti, ndiko Kapteni alikonipanga. Akianguka yeye, mimi naangukia wapi, shemeji? Juu yake. Na nyuma yangu kuna wasichana wawili waliojiunga juzi."

Pampu ikasimama. Hilo hakulifikiria. Miezi yote ile alimwona mtu mmoja tu nyuma yake, kana kwamba barabara nzima ilijengwa kwa ajili yao wawili.

"Mzunguko wa pili," alisema taratibu, "achia pengo."

Msusi alimtazama. Jicho moja lilikuwa linalengwa na machozi, jingine halikutaka. "Na akifa?"

"Yeye alijiuliza hivyo juu ya mke wangu?"

Msusi akavuta kamba ya helmeti yake, akaikaza, akaondoka bila kuaga.

*

Jumapili ile walikuwepo wageni, na ile pikipiki yenye kamera. Kapteni alitoa maelekezo, Mwenyekiti akatoa hotuba, na katika hotuba akamtaja tena yule mama. "Mama mmoja mpendwa wetu, ambaye laiti angefunga kamba..." Mshona magodoro alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, ameshika usukani, na glavu za marehemu zikalia kwenye mishono kwa jinsi alivyouminya.

Mzunguko wa kwanza walikwenda kwa mpangilio. Mshona magodoro mbele, Mwenyekiti nyuma yake anapiga mluzi, Msusi wa tatu, kisha wasichana, kisha wengine na Kapteni mwishoni. Bomba la moshi la kiwanda cha matofali likajitokeza. Mteremko ukaanza. Shimo lilikuwa pale, mdomo wazi, na kingo zake zimeng'ata lami. Mshona magodoro akageuza shingo kidogo, akamwona Msusi amebana nyuma, macho yamemtoka.

Akashusha mkono. Kidole chini, wazi kabisa. Kundi likalizunguka shimo kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Ahsante, Kabati!" Mwenyekiti aliimba.

Mzunguko wa pili Msusi alilegea. Mshona magodoro alimsikia anawaambia wasichana, "Polepole jamani, miguu yangu imekataa," na mmoja akacheka, "Dada, ni saluni hiyo!" Sauti zao zikarudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka ukabaki mluzi wa Mwenyekiti tu na mlio wa minyororo miwili. Pikipiki ilikuwa mbele, kamera imewaelekea. Mwenyekiti alipoiona, mluzi ukakoma.

"Kabati, ongeza kidogo! Nikitoka hapo kwenye mteremko unaniachia, sawa? Picha itoke nzuri."

"Sawa, Mwenyekiti."

Akaongeza. Sawasawa, bila kushtuka, kama alivyofundishwa na mtu wa mashavu yaliyobonyea. Bomba la moshi. Mteremko. Upepo ukamwingia kinywani. Mkono wake wa kulia ukafunguka wenyewe kwenye usukani, maana miezi mingi ulikuwa umezoea kushuka mahali pale, na ikambidi aufunge tena kwa nguvu, kidole kimoja kimoja. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Moyo haukuwa na shida. Mkono ndio uliokuwa mkaidi.

Alilikwepa shimo kwa kiuno tu.

Nyuma yake ukasikika mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja kiti, halafu vyuma vikiburuzwa, halafu sauti ya binadamu.

Hakusimama mara moja. Aliiachia baiskeli iteremke mpaka chini, akaigeuza, akapanda kurudi akikanyaga taratibu. Alitaka kuwa na uhakika wa atakachokikuta. Alikuwa ameshakiona mara nyingi kichwani: mtu amelala, hasogei, na watu wamenyamaza.

Alichokikuta ni Mwenyekiti ameketi katikati ya lami, hai, anatukana. Mkono wa kushoto ulining'inia vibaya, mfupa wa bega umevunjika na kuinua jezi kama kigingi cha hema. Helmeti yake ya gharama ilikuwa na ufa toka mbele hadi nyuma. Glavu zimechanika, viganja vizima. Miwani imevunjika, macho mazima. Vifaa vilifanya kazi yake vyote, hata kimoja hakikumwangusha.

Mshona magodoro alisimama juu yake, na uchungu ukamjaa kinywani. Kumbe hata kuanguka, wakubwa wanaangukia pazuri.

Kundi lilikuwa limefika. Msusi, wasichana, Kapteni, wageni, mtu wa kamera ameshuka kwenye pikipiki. Mwenyekiti akamwona Kabati, akamnyooshea mkono mzima.

"Wewe! Mbona hukunionyesha? Mbona hukunionyesha shimo?"

"Pole, Mwenyekiti. Kamba ulifunga?"

"Kamba gani? Nakuuliza shimo!"

"Nauliza vifaa. Isije ikawa vifaa havikukamilika."

"Vifaa ninavyo vyote, mjinga wewe!"

"Basi ni macho. Kila mtu ana macho yake."

"Macho?" Mwenyekiti aligeuka kwa Kapteni, kwa wageni, kwa kamera, mate yanamruka. "Mnamsikia? Macho gani nyuma ya mgongo kama ule? Naona nini mimi? Naona kiti chake tu! Aliye mbele ndiye macho ya wote, mtoto aliyeanza leo anajua! Wa mbele asiposhusha mkono, wa nyuma amekufa! Huyu mtu ametaka kuniua! Ni muuaji, muuaji kabisa!"

Gurudumu la baiskeli ya Mwenyekiti lilikuwa bado linazunguka, linachechemea, tik, tik, kwenye breki iliyopinda.

"Rudia," alisema mshona magodoro.

"Nirudie nini?"

"Hilo ulilosema. Asiposhusha mkono ni nani? Rudia, wageni wasikie."

Mwenyekiti akafungua kinywa, lakini Msusi alikuwa ameshajitokeza mbele, baiskeli imemwangukia kiunoni, naye hakujali.

"Na siku ile," alisema, "mbele ya mwenzangu alikuwa nani? Hapa hapa. Mkono wake ulikuwa wapi? Nilinyoosha kidole kikaoni mkaniambia suala limefungwa. Sema sasa. Mkono wako ulikuwa wapi?"

Mwenyekiti akamtazama Msusi. Akamtazama mshona magodoro. Kisha macho yake yakateremka, yakafika kwenye baiskeli, yakakwama kwenye kiti. Kitambaa cha godoro, mistari ya buluu na nyeupe. Miezi yote ile alikuwa akikitazama Jumapili hadi Jumapili, pua yake iko umbali wa dhiraa moja, anapiga mluzi, na hakukiona. Sasa alikiona. Rangi ilimtoka usoni kuliko wakati wa kuanguka.

"Wewe ni..."

"Kabati," mshona magodoro alimalizia. "Na yule mama alikuwa na jina, wewe humwiti. Kamba niliifunga mimi. Ilikatwa kwa mkasi."

"Ulitaka nife," Mwenyekiti alinong'ona.

"Ndiyo."

Kapteni akaguna, mmoja wa wasichana akajiziba mdomo. Mshona magodoro hakulirudisha neno lake. Aliliacha pale juu ya lami pamoja na vioo vya miwani. Mtu wa kamera alikuwa bado ameishikilia kamera, taa yake nyekundu inawaka, wala hakuna aliyemwambia azime.

*

Kamati ilikaa. Mshona magodoro alifukuzwa klabuni kwa kuhatarisha maisha ya mwanachama, na hilo hakulipinga, maana lilikuwa kweli. Wakamwita akajitetee, akasimama mlangoni pale pale aliposimama zamani, wakamwambia akae, akakataa. Mwenyekiti naye aliondolewa. Hawakutumia neno hilo, bila shaka. Walisema amepumzika kwa sababu za afya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetamka kuwa mkono haukushuka siku ile ya kwanza, ingawa wote walikuwa wameshaisikia ile picha ya kamera ikisema kwa sauti ya Mwenyekiti mwenyewe, na mtaa mzima ulikuwa unaiigiza. Watoto walikuwa wanakimbizana na matairi wakipiga kelele, "Asiposhusha mkono, wa nyuma amekufa!"

Darasa la wanaoanza sasa linafundishwa na Kapteni. Anaonyesha helmeti, glavu, pampu. Hamtaji mama yeyote. Anaanza na mkono.

Binti wa mshona magodoro alikuja kukaa naye siku chache, akampikia, hakumsemesha sana. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na mfuko wake.

"Sasa umetulia, baba?"

"Sijatulia."

"Bado unamchukia?"

"Mpaka nife." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini sasa anajua anachukiwa na nani. Zamani alikuwa hajui."

Na shimo lilizibwa. Lilizibwa wiki ile ile. Wakubwa wa barabara walileta gari la lami, wakashindilia, wakapanguza, pakawa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Lilisubiri mwaka mzima baada ya dobi, halikumaliza wiki moja baada ya Mwenyekiti. Msusi ndiye aliyemletea habari, akidhani atafurahi. Mshona magodoro alitupa sindano chini kwa hasira mpaka ikasimama kwenye udongo.

Jumapili iliyofuata walitoka wawili, yeye na shemeji yake, bila klabu, bila hotuba. Yeye mbele, Msusi nyuma ya gurudumu lake. Bomba la moshi likajitokeza, mteremko ukaanza, na ile lami mpya ikaonekana mbele yao, nyeusi, inang'aa, haina hata mkunjo.

Alishusha mkono kando ya paja, kidole kikaonyesha chini.

"Shemeji," Msusi alipaza sauti kutoka nyuma, "hapana shimo hapo."

"Lipo," alisema, na hakuuondoa mkono mpaka walipopita.